Upande wa Spana Hauna Doa

Mimi nimechoka. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kuniuliza mbona nasimulia huku nimenuna. Nimechoka na dola, nimechoka na nukta, nimechoka na mtambo usiojua kusema "hapo umekosea." Na wiki hii ninayoisimulia nilikuwa nimechoka kupita kawaida, kwa sababu Ijumaa yake mume wangu alikuwa ameitwa kwenye kikao, na ofisi nzima ilijua kikao kile ni cha kumwaga unga. Alishakuwa na barua mbili za onyo kwa kuchelewa kufika kwenye kazi. Ya tatu ni kwaheri.

Tunafanya kazi kampuni moja, mimi na yeye, kampuni ya kutunza lifti za majengo ya watu. Yeye ni fundi, wenzake wamempa jina la Spana, na hata mimi nikiwa na hasira namwita hivyo hivyo. Mimi nakaa ofisini na kompyuta, kazi yangu ni kumtunza Karani. Karani si mtu, usije ukamwonea huruma. Ni programu inayopokea taarifa za lifti zote: mlango umefunguka, mlango umejifunga, mota imepata moto, mtu amebonyeza kengele. Karani anaziandika zote na kuzihifadhi, na ile ya kengele anaituma papo hapo kwenye simu ya fundi wa upande husika: "Lifti imekwama, jengo fulani." Fundi anabeba mkoba wake, anakwenda. Ukiisikia hivyo unaona lelemama.

Shida ni kwamba Karani haelekezwi kwa lugha ya mtu mwenye akili timamu. Ana lugha yake, na katika lugha hiyo kila kitu unachotaka akikumbuke unakitia ndani ya kopo lenye jina. Wasomi wanaliita kigeu. Mimi naliita kopo. Jina la kopo linaanza na alama ya dola, na baada ya dola kuna nukta, au kuna mkwaju, ule mstari ulioinama, kutegemea ni kopo la aina gani. Ila ukiingia ndani ya ile sentensi inayokwenda kwenye simu ya fundi, jina lazima ulibane na alama za asilimia huku na huku, la sivyo halisomwi. Ukisahau, Karani halalamiki, na hilo ndilo linaloniua. Anapokea ulichoandika, anakaa kimya kama maji mtungini, halafu anafanya anavyojua yeye.

Maelekezo yale sikuyaandika mimi. Aliyaandika jamaa mmoja tuliyekuwa tukimwita Profesa, akapata kazi kwingine, akaenda zake. Akaniachia faili refu, na Meneja akaniachia agizo: "Ya juu usiguse. Kama kuna la kuongeza, ongeza chini." Waliomtangulia Profesa waliambiwa hivyo hivyo. Kwa hiyo faili lile lilikuwa kama nyumba ya ukoo ambayo kila mjomba ameongeza chumba chake, na hakuna anayejua ukuta upi ndio umebeba paa.

Siku moja nilijaribu kurekebisha kitu, nikasahau zile asilimia. Mafundi wote wakapokea ujumbe: "Lifti imekwama, jengo $.jengo." Kijiti, fundi mwembamba mwenye mdomo mpana, akapiga simu ofisini. "Samahani, hili jengo la Dola liko mtaa gani? Nimeuliza mpaka wauza vocha, hawalijui." Shangazi wa mapokezi alikuwa ameweka simu kwenye spika. Tangu siku ile mimi ni Mama Dola, na hata mtoto wangu wa mwisho ameshanikosea adabu akaniita hivyo.

Sasa kuna ubao. Uko ukutani kwenye korido, mkabala na meza ya Shangazi, na ni ubunifu wa Meneja. Kushoto zimeandikwa pande za mji tunazozihudumia. Ujumbe ukimpeleka fundi pasipo, akapiga simu kulalamika, kazi ile inafutwa na Shangazi ananyanyuka na kalamu nyekundu, anatia doa. Madoa hayo ni yangu. Kulia ni majina ya mafundi. Mwenye jengo akilalamika kwamba fundi kachelewa, doa linakwenda kwa fundi. Meneja anasema ubao unaleta uwajibikaji. Mimi uliniletea vidonda vya tumbo, maana alishaniambia mkataba wangu atauamua kwa kuutazama huo ubao.

Kwa sheria, fundi akifika na kukuta lifti haijakwama, anaweza pia kuacha kupiga simu. Basi hapo itabidi apande kwa ngazi mpaka chumba cha mashine, juu kabisa penye paa, akague mota na nyaya, atie saini, ndipo kazi ifungwe. Kwa ngazi, kwa sababu lifti iliyoripotiwa haipandwi kabla ya kukaguliwa. Sikuwahi kumsikia fundi aliyechagua njia hiyo. Kupiga simu ni bure.

Miezi ile madoa yangu yalikuwa yanachipuka kama tetekuwanga. Ujumbe ulikuwa unataja jengo lisilo lenyewe, si kila mara, mara moja moja, bila mpangilio wowote ambao ningeweza kuushika. Fundi anafika anakuta lifti inapanda na kushuka bila wasiwasi. Anapiga simu na kejeli zake. Upande wa Soko, doa. Upande wa Bustani, doa. Upande wa Hospitali, doa. Ni upande mmoja tu uliobaki mweupe pe: Stesheni, ambako fundi wake ni mume wangu.

Na mimi kwa ule uchovu nikawa nauimba weupe ule nyumbani. Nakumbuka jioni moja tunakula, nikamwambia, "Mume wangu, Stesheni haijanitia doa hata moja. Nakuapia, upande wako ndio unaonifanya niamke asubuhi." Akatabasamu, akaniongezea mboga kwenye sahani. "Basi vizuri," akasema.

Alhamisi, siku moja kabla ya kikao, nilirudi mapema nikamsubiri. Tunakaa ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti; fundi wa lifti anapanda ngazi kwake, majirani wameshautania utani huo mpaka umechuja. Nilimsikia akija. Anapanda kidogo, anasimama, anapanda tena. Alipoingia alikaa kwenye kochi na mkoba bado begani. Nikamletea beseni la maji ya moto na dawa ya kuchua, nikamkunjia suruali, nikaanza na goti la kulia, lililokuwa limevimba likang'aa.

"Haya magoti yanazidi," nikasema.

"Uzee."

"Uzee gani? Kaka yako amekupita umri na bado anakimbiza mpira."

"Kaka yangu anauza viatu. Anashinda kwenye kiti."

"Haya, na kesho utawaambia nini?"

"Akina nani?"

"Spana, usinichezee akili. Kwenye kikao utawaambia nini?"

Akavuta pumzi. "Nitawaambia nilichelewa."

"Kwa nini ulichelewa?"

"Foleni. Ngazi. Mambo ya barabarani, mke wangu."

Nikalibinya goti kuliko lilivyohitaji, akaguna. "Foleni Kijiti haioni? Kijiti anapita barabara hizo hizo na anafika. Wewe unapitia wapi? Hebu niambie, unapitia wapi?" Niseme ukweli wangu, lilishanipitia wazo la mwanamke. Halafu nikamtazama alivyokaa, shati limekauka jasho mgongoni likaacha michirizi ya chumvi, nikaona mwanamke gani huyo atakayemtaka katika hali hii.

"Nimechoka," akasema.

"Hata mimi nimechoka!" Watoto wakainua vichwa kutoka kwenye kazi zao za shule. Nikashusha sauti. "Mkataba wangu unaning'inia. Na wewe ukimwaga unga, tutakula nini humu ndani? Tutakula ngazi?"

Mume wangu ukimgombeza hajibu, anakusubiri umalize kama mtu anayesubiri mvua ipite. Nilimfunga goti kwa kitambaa, nikaenda kumwaga maji huku nalia kwa hasira, si kwa huruma. Huruma siku ile sikuwa nayo.

Ijumaa asubuhi sijaweka hata mkoba mezani, Shangazi akaniita. Shangazi ni mtu mzima, ofisi nzima tunamwita hivyo, na akikuita kwa sauti ya chini ujue kuna jambo.

"Njoo hapa, mwanangu. Unamkumbuka yule bibi wa Jengo la Vigae aliyekwama kwenye lifti, yule aliyelalamika mpaka nikamtia mumeo doa?"

"Nitamsahauje. Ndiye aliyetuletea kikao."

"Amepiga tena jana jioni. Mlinzi wa jengo kamwambia fundi anafukuzwa, roho ikamuuma. Anasema siku ile alifoka kwa sababu ya hofu tu. Anasema fundi alifika anahema kama amefukuzwa na mbwa, akamwomba radhi. Akamwambia, 'Nisamehe mama, nilipelekwa kwingine kwanza, nimepanda mpaka kwenye paa bure.'"

"Kwingine wapi?"

"Sijui. Ila sikiliza. Baadaye akamsihi yule bibi asiiambie ofisi habari hiyo ya kupelekwa kwingine."

Nikamuuliza, "Asiiambie kwa nini?" Shangazi akainua mabega, simu ikalia, akaipokea.

Nikaenda kwenye kompyuta yangu. Karani ana ubaya wote ule, lakini hatupi kitu. Nikafungua taarifa za siku aliyokwama bibi. Kengele ilitoka Jengo la Vigae; namba ya lifti imeandikwa wazi, ni yake. Nikafungua ujumbe uliokwenda kwenye simu ya Spana siku ile. "Lifti imekwama, Jengo la Saa." Nikarudi nyuma wiki nzima. Nikarudi mwezi. Jengo la Saa, kumbe ni Vigae. Jengo la Vigae, kumbe ni la Mbao. Stesheni, ule upande wangu mweupe, ulikuwa umeoza kuliko pande zote, na kila mara mume wangu alikuwa ametia saini kwenye chumba cha mashine cha jengo ambalo halikukwama.

Na hapo ndipo mpangilio nilioutafuta miezi yote ukajitokeza wenyewe. Zote zilizokosewa ni lifti za zamani. Lifti mpya ikipiga kengele inataja jina la jengo humo humo. Za zamani hazina akili hiyo, zinatuma taarifa mbili: ya kwanza inasema mimi ni wa jengo fulani, ya pili inasema kengele. Ili jina lisipotee hapo katikati, Profesa alilitia kwenye kopo la dola na mkwaju. Kopo la dola na nukta linazaliwa na taarifa moja na kufa nayo. Lile la mkwaju ni la wote, halifi, halisuuzwi, kila anayepita anatia chake. Ni kile kikombe kimoja cha shule kilichofungwa kamba kwenye pipa la maji. Vigae ikitaja jina lake, na kabla haijasema kengele, Saa nayo ikataja lake, basi kengele ya Vigae inaondoka na jina la Saa. Na asubuhi watu wanapokwenda kazini lifti zote zinaongea kwa mpigo mmoja.

Kule Soko na Bustani lifti za zamani ni za kutafuta. Madoa yake yalikuwa yametawanyika, nikasingizia mtandao. Stesheni ni za zamani karibu zote. Kama mume wangu angelalamika mara mbili tatu tu, ningelikuwa nimelikamata kosa lile zamani. Nikampigia simu. Haikupokelewa; alikuwa juu ya jengo fulani, na kikao kilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nikampigia Kijiti badala yake.

"Mama Dola! Leo unanipeleka jengo gani? La Pauni?"

"Kijiti, leo sina meno ya kucheka. Wanataka kumfukuza Spana. Nenda Jengo la Vigae, usimame ndani ya lifti, nikikupigia ubonyeze kengele."

"Niko njiani," akasema, bila utani.

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha vioo, ambacho ukikaa ndani unauona ubao wa korido. Alikuwepo Meneja na tai yake, Shangazi na karatasi za kuandikia, na Spana kwenye kiti cha mwisho, kofia ya kazi mapajani. Sikuwa nimealikwa. Niliingia bila kubisha hodi.

"Mama Dola, hiki si kikao chako," Meneja akasema.

"Nivumilie kidogo tu, Meneja. Ukiona nakupotezea muda, nitatoka mwenyewe."

Spana akanitikisia kichwa taratibu, vile anavyomtikisia mtoto anayetaka kuropoka mbele ya wageni. Nikamwambia pale pale, mbele ya watu, "Usinitikisie kichwa. Lete simu yako." Akaiweka mezani. Nikampigia Kijiti nikamwambia abonyeze.

Simu ya Spana ikalia. Ujumbe: "Lifti imekwama, Jengo la Vigae." Sawasawa kabisa. Meneja akainua nyusi. Jasho likanitoka. "Bonyeza tena," nikamwambia Kijiti. Vigae. Loo! Miezi yote Karani ananitia aibu, leo nataka anitie aibu kidogo tu anakataa. "Bonyeza tena, Kijiti, bonyeza mpaka nikwambie." Simu ikalia, ikalia, kisha Meneja mwenyewe akainama akasoma kwa sauti: "Jengo la Saa."

"Kijiti yuko wapi?" akauliza.

"Vigae. Muulize mwenyewe."

Kijiti akasema kwenye spika, "Niko Vigae, Meneja, na humu ndani kunanuka rangi mpya." Nikamweleza Meneja habari ya kopo la wote, kwa ufupi, bila kumtaja Profesa sana. Nikamwonyesha siku ya bibi, na siku nyingine, na nyingine. Akasikiliza. Si mtu mbaya yule, ni mtu wa ubao tu.

"Sawa," akasema mwishowe. "Mtambo una kosa, na hilo tutaongea mimi na wewe. Lakini kuna kitu hakijakaa vizuri. Mafundi wengine wakipelekwa pasipo wanapiga simu, kazi inafutwa, Shangazi anawatafutia jengo lenyewe. Huyu hakupiga hata siku moja. Anafika pasipo, anaona lifti inatembea, anapanda mpaka kwenye paa, anashuka, ndipo anaanza kuwapigia walinzi mmoja mmoja kuuliza nani amekwama. Watu wako ndani ya lifti wanalia. Kama huo si uzembe ni nini? Fundi, jieleze. Kwa nini hukupiga simu?"

Spana akaizungusha kofia mapajani. "Nilikagua na kutia saini. Sheria inaruhusu."

"Sikuulizi sheria. Kwa nini hukupiga simu?"

"Sikuona haja."

Shangazi akaandika hilo, na mimi nikiisikia kalamu yake inavyokwaruza nikageuza uso nisimwone mume wangu anavyojichimbia shimo. Macho yakaangukia ubao. Soko nyekundu, Bustani nyekundu, Hospitali nyekundu. Stesheni nyeupe pe. Nikaikumbuka ile jioni, na mboga aliyoniongezea, na "basi vizuri."

Jamani. Magoti yale niliyokuwa nayachua kila jioni nikiyagombeza, mimi ndiye niliyekuwa nayapandisha ngazi. Kila simu ambayo hakupiga ni doa ambalo hakunitia.

"Alikuwa ananifichia," nikasema. "Meneja, akipiga simu mimi ninapata doa. Asipopiga anapanda ngazi. Basi amekuwa akipanda ngazi."

Meneja akamtazama Spana. "Ni kweli?"

Spana alikuwa anaitazama kofia. Masikio yamemwiva kama ya kijana aliyekamatwa na barua ya mapenzi. Shangazi akaweka kalamu chini, akavua miwani.

Nikatoka. Nikachukua kalamu nyekundu kwenye meza ya Shangazi, nikasimama mbele ya ubao, nikautia mstari wa Stesheni madoa mpaka nafasi ikaisha, huku machozi yananidondoka na sikujali nani ananiona. Kisha nikarudi ndani. "Hayo ni yangu yote. Yake yafuteni."

Meneja akajikuna kidevu. "Barua ya tatu haipo," akasema. "Fundi, nenda kazini. Na siku nyingine ukipanda ngazi kwa mapenzi, doa nitakutia mimi mwenyewe." Akanigeukia. "Na wewe, hilo kopo liondoke."

"Lile la juu? Ambalo ulisema lisiguswe?"

Akakohoa. "Liguse."

Jioni tulirudi pamoja. Chini ya ngazi zetu nilimnyang'anya mkoba, akabisha, nikaushika. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani miaka yote hiyo. Kwenye ghorofa ya pili akasimama kupumua, nikasimama naye.

"Ilikuwa mara ngapi?" nikamuuliza.

"Sikuhesabu."

"Mwongo."

Akacheka kidogo, akalishika goti. "Ulikuwa huli, mke wangu. Ukirudi kazini unakaa na viatu miguuni, unatazama ukuta. Siku ile uliyosema Stesheni inakufanya uamke, ulikula, ukamaliza sahani." Akaanza tena kupanda. "Nikaona ngazi si kitu."

Nilitaka kumwambia maneno mazuri, sikuyapata. Nikamwambia, "Mpumbavu wewe. Ukipanda tena kwenye paa bila kunipigia, utakwenda kulala kwa kaka yako kwenye maboksi ya viatu."

"Sawa," akasema.

"Sitaki sawa. Niapie."

Akaapa, hapo hapo ngazini, mkono juu, na jirani mmoja aliyekuwa anashuka na ndoo ya takataka akatupisha bila kuuliza.

Jumatatu niliingia kwenye faili la Profesa, nikaligusa la juu. Lifti za zamani zina namba, na kengele zake hutaja namba. Nikaandaa orodha ya namba na majengo, nikamwelekeza Karani asome namba, alitafute jina kwenye orodha, alitie kwenye kopo la dola na nukta, taarifa ikiisha lifie mbali. Nikabadilisha kila mahali: pale linapojazwa, pale linapoulizwa, na ndani ya sentensi na asilimia zake huku na huku. Nikasoma tena. Macho yalikuwa yananiwasha. Kijiti akanibonyezea kengele Vigae mpaka watu wa jengo wakamfukuza, na kila mara jina lilikuja sawa. Nilipolala siku ile nililala kama gogo.

Jumanne kabla ya saa ya chai, Shangazi akanihamishia simu. "Fundi," akasema, na sauti yake ilikuwa na kicheko alichokimeza.

"Ofisi?" Ilikuwa sauti ya mume wangu, lakini ameivalisha suti. "Hapa ni fundi wa Stesheni. Nimeletwa Jengo la Mbao. Lifti inatembea. Kuna baba anapanda na kushuka nayo hapa mbele yangu."

Nikafungua orodha. Namba mbili nilikuwa nimezipishanisha, Mbao na Saa, mimi mwenyewe kwa mikono yangu, safari hii hakuna Profesa wa kumsingizia. "Ni Saa," nikasema. "Nenda Jengo la Saa. Nisamehe, ni mimi, nimekosea, narekebisha sasa hivi."

"Nakwenda. Na doa langu lisisahaulike."

Shangazi alikuwa ameshanyanyuka, kalamu nyekundu mkononi, ananitazama anasubiri. Meneja naye alikuwa amesimama kwenye korido na kikombe chake. Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Spana," nikamwita, kwa sauti ya chini. "Umepanda ghorofa ngapi?"

"Niko chini," akasema. "Sijapanda."